UZI: Kusawazisha mwanga wa leza kwenye hadubini, kwanini katikati panang'aa na pembeni panafifia, na tufanyeje

#1 Mwale_Mnyoofu

Wakuu salama? Humu jukwaani watu wengi wanaweka picha za seli walizopiga kwa hadubini ya leza na malalamiko ni yale yale, katikati ya picha panang'aa safi kabisa, pembeni pamefifia, na jibu wanalopewa karibu kila mara ni "rekebisha kwenye ImageJ (programu ya kuchambua picha) maisha yaendelee". Mi hilo jibu silikubali. Nataka tuliongee kwa kirefu kwa sababu linaharibu data za watu kimya kimya, na dawa ipo, tena dawa nyingine bei yake haitishi. Uzi utakuwa mrefu, soma taratibu na uliza popote.

Tuanze na leza yenyewe. Leza nzuri ya maabara inatoa mwale ambao nguvu haijagawanyika sawa, katikati ndo pamejaa, ukielekea nje inashuka kwa ule mchoro wa kengele unaoitwa wa Gauss. Nusu kipenyo cha mwale huwa tunakiita w, ni pale mwanga unapokuwa umeshuka mpaka asilimia 13.5 ya ule wa katikati kabisa. Lakini hauhitaji kufika huko ndo uone shida, ukifika nusu ya w tu umebaki na asilimia 61 hivi. Yaani seli mbili zinazofanana kila kitu, moja iko katikati ya picha nyingine imekaa pembeni kidogo, ya pembeni itaonekana ina protini pungufu kwa karibu asilimia 40, maana protini tunaipima kwa rangi za fluoresensi zinazowaka zikipigwa leza, na hapo haijatokea chochote cha kibaiolojia.

Taa za kawaida shida hii zilishatatuliwa zamani sana. August Köhler, Mjerumani, mwaka 1893 alitoa mpangilio wa lenzi ambao sura ya taa haiangukii kwenye sampuli, inaangukia kwenye tundu la nyuma la lenzi inayotazama sampuli, kwa hiyo kila pointi ya taa inamulika uwanja mzima na waya wa taa hauonekani kwenye picha. Mpangilio huo mpaka leo ndo tunaufuata. Ila leza ukiifanyia vile vile hupati faida ile ile, kwa sababu chanzo chake ni kama pointi moja tu, hakuna pointi nyingi za kusaidiana kumulika, kinachofika kwenye sampuli ni Gauss ile ile imekuzwa. Ndo maana watu wamehangaika kutafuta njia za kuubadilisha umbo mwale wenyewe kabla haujafika kwenye seli.

Nitaendelea na njia zenyewe, ila kwanza maswali kama yapo.

#2 Pikseli_Moja

Mkuu asante kwa uzi. Swali la haraka, si unaupanua tu mwale uwe mkubwa kuliko uwanja wa kamera alafu unatumia pale katikati ambapo mteremko ni mdogo? Sisi hapa tunafanya hivyo na picha zinatoka poa tu.

#3 Mwale_Mnyoofu

Mkuu Pikseli swali zuri sana, na kwa watu wengi hiyo ndo hatua ya kwanza. Ila ngoja nikuonyeshe bei yake kwa hesabu ambayo ni fupi mno na watu wengi hawaijui.

Chora duara katikati ya mwale wa Gauss. Nguvu iliyomo ndani ya duara ukijumlisha na mwanga uliobaki pale ukingoni (ukilinganisha na katikati) jibu ni 1. Siku zote. Kwa hiyo ukitaka ukingoni pabaki asilimia 90 ya katikati, ndani ya duara lako kuna asilimia 10 tu ya nguvu ya leza. Ukitaka asilimia 80 ukingoni, unatumia asilimia 20. Leza ya miliwati 200 inakupa 40 kwenye sampuli, zile 160 zimeenda kuchoma rangi nje ya picha na kupasha vyuma moto ndani ya hadubini.

Na hapo ni duara. Kamera ni mraba, kona iko mbali na katikati kwa mara 1.41 ya umbali wa ukingo wa upande. Ukiwa na 0.9 kwenye upande, kwenye kona una 0.81. Ukiwa na 0.7 kwenye upande, kona ina 0.49, nusu imeshaondoka.

Kwa picha za kawaida za fluoresensi utavumilia, miliwati chache zinatosha. Ila nenda kwenye STORM, ile njia ya kuziwasha molekuli za rangi moja moja na kutafuta kila moja ilipo. Rangi kama Alexa Fluor 647 inataka kilowati kadhaa kwa sentimita ya mraba ndo ianze kuzima na kuwaka inavyotakiwa. Chukua kilowati 2 tu. Uwanja wa mikromita 100 kwa 100 unahitaji miliwati 200 zifike kwenye sampuli yenyewe. Sasa kamera za sikuhizi za sCMOS zenye pikseli 2048 kwa 2048 za mikromita 6.5, ukiweka lenzi ya 60x unaona mikromita 222 kila upande, hapo unazungumzia karibu wati nzima iliyofika salama kwenye sampuli. Ukiamua kuitumia kwa asilimia 20 unatafuta leza ya wati 5. Nani ananunua?

Ndo maana kamera zilivyokua, shida ya mwanga ikapanda juu. Zamani kamera ya EMCCD ya pikseli 512 kwa lenzi ya 100x ilikuwa inaona mikromita 82 tu, Gauss ilikuwa inajificha.

#4 binti_seli

Shikamoo wakubwa. Mi ni mtu wa baiolojia siyo optiki, nisaidieni hapa. Sisi tunapiga picha ya flati (slaidi yenye rangi tupu), tunapiga na picha ya giza, alafu Fiji (ile ImageJ yenye viongezo) inatoa giza kwenye zote na kugawanya picha ya seli kwa ile ya flati. Inatoka sawa kabisa kwa macho. Sasa kaka Mwale kwanini unasema haitoshi? Maana mpaka majarida yanakubali.

#5 Mwale_Mnyoofu

Marhaba dada. Hili ndo swali lenyewe la uzi.

Kugawanya kwa picha ya flati siyo kosa na endelea kufanya, hata mwenye mwanga bora kabisa anafanya maana hata lenzi na kamera zina upungufu wao wa pembeni. Ubaya unaanza mtu akiamini kwamba amerudisha kilichopotea. Chukua pikseli ya katikati imekusanya fotoni (chembe za mwanga) 10,000. Chenga zake za asili ni mzizi wa hiyo namba, yaani 100, sawa na asilimia 1. Pikseli ya kona imemulikwa robo, imekusanya 2,500, chenga zake 50, asilimia 2. Fiji inazidisha kona mara 4, sasa inasoma 10,000 kama mwenzake, ila chenga nazo zimekuwa 200. Kwa macho zinafanana, ila kona bado ina chenga mara mbili, na ukienda kutafuta nukta dogo lenye mwanga hafifu kule konani hulioni. Ukihesabu nukta kwa kila seli, seli za kona zitakuwa na chache, na utaandika kwenye ripoti kwamba seli zinatofautiana.

Hiyo ni sehemu nyepesi. Ngumu ni hii: programu inaweza kuzidisha namba, haiwezi kubadilisha kilichowapata seli. Rangi ya katikati inaungua haraka kuliko ya pembeni. Kwenye picha ya kwanza flati yako ni sahihi, kwenye picha ya mia katikati rangi imeshapungua na pembeni bado ipo, flati ile ile sasa inakudanganya. Seli hai ya katikati inapigwa mwanga mwingi, inaumia, inaacha kugawanyika, ya pembeni iko salama, alafu unafuatilia usiku mzima unapata makundi mawili ya seli. Makundi hayo ameyatengeneza Gauss.

Na kwenye STORM ndo balaa kabisa. Katikati molekuli zinaenda gizani haraka na kuwaka moja moja kama inavyotakiwa, pembeni mwanga hautoshi kuzizima, zinabaki zimewaka kwa pamoja zinapandana, programu inashindwa kuzitenganisha. Pia usahihi wa kuipata molekuli ilipo unategemea fotoni ilizotoa, kwa mzizi. Kwa hiyo picha moja ina ubora tofauti katikati na pembeni na hakuna flati ya kuigawanya irekebishike, kwa sababu kinachopimwa siyo mwanga tena, ni tabia ya molekuli, na tabia haiendi sambamba na mwanga kwa mstari ulionyooka.

Wapi programu inatosha? Picha moja moja za seli zilizokufa, mwanga mdogo, unaunganisha vipande vingi upate slaidi nzima. Hapo kuna kitu kinaitwa BaSiC, kilitoka 2017, kinakadiria mteremko kutoka kwenye picha zenyewe bila hata kuhitaji slaidi ya flati. Ni kizuri, mi nakipendekeza. Ila usikipeleke kwenye STORM.

#6 Mwale_Mnyoofu

Naendelea na njia. Naanza na lenzi za kubadilisha umbo kwa sababu ndo ninazozipenda na ndo zinazoeleweka vibaya kuliko zote.

Wazo ni la zamani, lilishaandikwa miaka ya 1960. Unakuwa na lenzi mbili za umbo maalum siyo duara la kawaida. Ya kwanza inachukua mwanga uliobanana katikati na kuusukuma nje, ule wa pembeni inauacha karibu pale pale. Ya pili imewekwa umbali fulani, inainyoosha miale irudi kuwa sambamba. Kinachotoka kina nguvu ile ile karibu yote ila imegawanyika sawa, bapa juu, kingo zimesimama. Mwaka 2000 Hoffnagle na Jefferson wa IBM kule California walichapisha muundo wa lenzi mbili ambao unatengenezeka kirahisi zaidi, na leo zipo za kununua kama piShaper, TopShape na za Topag. Kwenye hadubini zimejaribiwa vizuri tu, kundi moja la Max Planck kule Martinsried, Ujerumani, 2019 waliweka moja kwenye TIRF (kumulika tabaka jembamba tu lililogusa kioo) kwa ajili ya DNA-PAINT, ndugu yake STORM inayotumia vipande vya DNA, na wakaonyesha namba za kuhesabu molekuli zinatulia uwanja mzima.

Sasa wanaponunua wakaja kulalamika humu huwa ni mambo mawili.

La kwanza, ubapa hauishi kila mahali kwenye njia ya mwale. Gauss ndo pekee mwenye bahati hiyo, ukimkuza ukimfokasi anabaki Gauss. Mwale bapa ukiupitisha kwenye lenzi ukatazama kwenye fokasi unakuta nukta kali katikati imezungukwa na pete, hamna ubapa wowote, na mtu anasema nimeuziwa kitu kibovu. Hapana mkuu. Inabidi uchague ile sehemu ya njia mahali ubapa upo, karibu na mdomo wa kifaa, alafu uichore ile sehemu kwenye sampuli kwa lenzi za kupokezana, kama unavyochora picha ya kitu. Sehemu ya ubapa na sehemu ya sampuli ziwe zinaonana, moja iwe picha ya nyingine. Ukilielewa hili umemaliza nusu ya kazi.

La pili ni kipenyo cha mwale unaoingia. Kifaa cha kupokea milimita 6 kinataka 6 kweli, na mwale uwe sambamba, siyo unaotanuka. Hapa dalili zinasomeka kwa macho, shika hii: ukiona juu kumebaki kilima, mwale wako ni mdogo, upanue. Ukiona kingo zimesimama masikio na katikati kumebonyea, mwale ni mkubwa, upunguze. Upande mmoja uking'aa kuliko mwingine, mwale haujapita katikati au umeinama. Nunua kikuza mwale chenye kupanuka kidogo kidogo, siyo kile kinachokuza kwa kiwango kimoja tu, maana leza ya kiwandani inaandikwa kipenyo hiki na inakuja na kile. Na kama una leza tatu nne zipitishe kwanza kwenye faiba ya modi moja (uzi wa kioo unaopitisha mwanga kwa njia moja tu), zote zitatoka Gauss safi na zimepangana mstari mmoja.

Ukiwa unaupanga mwale fanya kwa nguvu ya chini kabisa, miwani ya leza usoni, na usiinamishe kichwa kufikia kimo cha mwale. Miliwati 200 haikupi nafasi ya pili kwenye jicho.

#7 Mzee_wa_Optiki

Kijana umeeleza vizuri, naongezea kitu ambacho hizo lenzi hazikiondoi. Mwale unaotoka mle bado ni wa leza, mawimbi yake yanakwenda kwa mpangilio, kwa hiyo vumbi moja kwenye kioo chochote njiani linachora pete kwenye picha, na vioo bapa viwili vinavyoakisiana vinachora mistari. Umbo kwa ujumla ni bapa lakini juu yake kuna mikwaruzo ya pete na mistari. Anayetaka uso laini kabisa inabidi auvunje huo mpangilio wa mawimbi.

Njia ninayoiheshimu ni ya lenzi ndogo ndogo zilizopangwa safu, kama jicho la nzi. Safu ya kwanza inaukata mwale vipande mamia, ya pili na lenzi kubwa mbele yake zinavilaza vipande vyote juu ya kimoja. Kila kipande kina mteremko wake mdogo, hiki kinaelekea kulia kile kushoto, vikilaliana vinafutana. Lenzi zikiwa za mraba uwanja unatoka mraba, unakaa sawa na kamera, hupotezi kitu konani. Ukubwa wa uwanja ni rahisi kukokotoa: upana wa lenzi ndogo mara fokasi ya lenzi kubwa gawanya kwa fokasi ya lenzi ndogo. Lenzi ya milimita 0.3 yenye fokasi ya 5, mbele yake lenzi ya 100, unapata milimita 6, alafu hadubini inaupunguza.

Ila safu ni safu, vipande vikikutana vinatengeneza mistari inayojirudia kwa mpangilio, mibaya kuliko vumbi. Dawa ni difyuza (kioo cha kutawanya mwanga) inayozunguka kabla ya safu, ivuruge mawimbi haraka kuliko kamera inavyopiga. Kundi la Suliana Manley la EPFL, Lausanne, walilifanya hili wakachapisha Nature Photonics 2016, na lilifungua macho ya wengi kwamba STORM ya seli nyingi kwa mpigo inawezekana.

#8 Mwale_Mnyoofu

Mzee heshima yako. Hapo kwenye kuvuruga mawimbi ndo naomba niingize njia ya mfuko mdogo, faiba ya modi nyingi.

Leza ukiiingiza kwenye faiba nene, inajigawa kwenye njia nyingi sana. Faiba ya kiini cha mikromita 105 yenye uwazi wa namba 0.22 (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga inayoupokea), kwa leza ya nanomita 640, inabeba modi zaidi ya 6,000. Ukitazama mdomo wa faiba unaona kiini kimejaa madoadoa, mengine yanawaka mengine meusi, yanatokana na modi hizo kugongana. Ukiigusa faiba madoa yote yanabadilika. Sasa ukiitikisa muda wote, ndani ya picha moja kamera inakusanya sura nyingi tofauti za madoa na zinajazana. Kadri sura zisizofanana zinavyoongezeka madoa yanafifia kwa mzizi wa idadi yake, sura 100 zinapunguza madoa mara 10. Alafu mdomo wa faiba unauchora kwenye sampuli. Kuna faiba zenye kiini cha mraba, mikromita 150 kwa 150 kwa mfano, kamera inapata mraba wake.

Kutikisa wengine wanafunga vimota vya kutetemesha, wengine wanaweka kifaa cha kupunguza madoa kabla ya faiba. Maabara ya EMBL Heidelberg ilichapisha mpangilio wa namna hiyo 2016, Imperial College London nao mwaka huo huo na wao walitumia leza za bei nafuu za modi nyingi, na hapo ndo utamu ulipo. Leza hizo mwale wake ni mbaya, hauwezi kuupeleka kwenye lenzi za piShaper hata kidogo, lakini faiba haijali, unapata nguvu nyingi kwa hela kidogo. Mwenye bajeti ndogo anayetaka STORM uwanja mkubwa, mi namwambia aanzie hapa.

Angalizo: mtikisiko uwe wa haraka kuliko muda wa picha yako. Ukipiga milisekunde 100 mota ndogo inatosha, ukishuka milisekunde 5 madoa yanarudi, na kibaya zaidi yanabadilika kila picha, kwa hiyo hata flati haiyafuti.

#9 binti_seli

Asanteni sana, sa hivi naelewa kwanini nukta zangu za pembeni zilikuwa zinapotea. Sasa swali, sisi kazi yetu kubwa ni TIRF tunaangalia vipokezi kwenye utando wa seli. Hiyo faiba na mota si ndo tuchukue? Bei imenivutia.

#10 Mwale_Mnyoofu

Dada hapo simama kwanza, TIRF ndo mahali faiba inagoma, na sababu inapimika kwa rula.

TIRF inataka mwanga ufike kwenye kioo kwa pembe kali, zaidi ya digrii 61 hivi kutoka kwenye kioo kwenda majini, ili uakisike wote na kinachovuka kiwe kile kitambaa chembamba cha nanomita mia moja au mia mbili. Kwa vitendo unafokasi leza kwenye tundu la nyuma la lenzi, ukingoni kabisa. Chukua lenzi ya 60x yenye uwazi 1.49 kwenye hadubini ambayo lenzi ya bomba (ile ya ndani inayochora picha kwenye kamera) ni milimita 200. Fokasi yake ni milimita 3.33. Ukanda unaotoa TIRF ni kuanzia uwazi wa 1.33 mpaka 1.49, tofauti 0.16, zidisha kwa 3.33, unapata upana wa nusu milimita tu.

Sasa faiba yetu ya mraba wa 150 yenye uwazi 0.39. Ukiikuza mdomo wake ujaze uwanja wa mikromita 222, uwazi unashuka mpaka 0.26, na kwenye tundu la nyuma doa lake linakuwa na kipenyo cha zaidi ya milimita 1.7. Utaliingizaje kwenye ukanda wa nusu milimita? Sehemu kubwa itaangukia upande wa katikati, nje ya ukanda, na kumulika seli nzima, ile sehemu nyingine itagonga chuma. Na hauwezi kulipunguza doa kwa ujanja wa lenzi, ukilibana huku linapanuka kule, hiyo ni sheria ya optiki haina njia ya mkato. Jicho la nzi nalo lina shida hiyo hiyo ukilitumia na difyuza kali.

Kwa TIRF chukua lenzi za kubadilisha umbo. Mwale wake bado umetulia, unafokasika kuwa doa dogo nyuma ya lenzi, na sampuli inapata ubapa. Pete za vumbi alizosema Mzee zipo kweli, zinapunguzwa kwa kuizungusha ile nukta kwenye duara la tundu la nyuma kwa vioo vya galvo (vioo vidogo vinavyogeuzwa kwa umeme), mzunguko mzima ndani ya picha moja, mistari inajifuta.

Njia nyingine ya galvo ni kuuacha mwale uwe Gauss, mdogo tu, alafu kuutembeza kwenye sampuli kama mtu anayepaka rangi ukuta, mistari inalaliana mpaka uso unakuwa sawa. Inaitwa ASTER, ilitoka Orsay, Ufaransa, 2021, na inafika mikromita 200 kwa 200, TIRF inakubali, na ukubwa wa uwanja unaubadilisha kwa programu bila kugusa lenzi. Ninachokifikiria kwenye hiyo ni kwamba kila molekuli inapigwa mwanga mkali kwa muda mfupi na kupumzika, siyo mwanga wa kudumu, kwa hiyo tabia ya kuwaka na kuzima uijaribu na rangi yako mwenyewe kwanza.

#11 Pikseli_Moja

Mkuu mi narudi na swali la mtaani kwetu. Mi niko Dar na leza sina, nafuatilia hadubini za OpenFlexure, zile zinachapwa kwa printa ya 3D, zina kamera ya Raspberry Pi na LED, ambazo STICLab hapa Dar na taasisi ya afya ya Ifakara wameshiriki kwenye kuziendeleza kwa ajili ya slaidi za malaria. Haya mambo yananihusu au niwaachie wenye maabara za Ulaya?

#12 Mwale_Mnyoofu

Yanakuhusu sana mkuu, ila adui wako ni mwingine. LED na kondensa yako (lenzi ya kukusanya mwanga kwenye slaidi) vikikaa sawa Köhler au karibu na hapo, mwanga ni bapa vya kutosha, na slaidi ya damu iliyopakwa Giemsa haiungui kwa mwanga wa LED. Kwa hiyo yale yote niliyosema kuhusu rangi kufa katikati hayakuhusu.

Tatizo liko kwenye kamera. Kamera ya Raspberry Pi ilitengenezwa kukaa na lenzi yake ndogo sana iliyo karibu na sensa, kwa hiyo mwanga unafika kwenye pikseli za pembeni kwa kuinama, na juu ya kila pikseli kuna kilenzi kilichosogezwa ili kiupokee mwanga ulioinama hivyo. Kwenye hadubini ile lenzi inatolewa, mwanga unafika umenyooka, vilenzi vya pembeni vinaupeleka sehemu siyo, kona zinafifia na rangi zinachuja na kuchanganyikana. Kwenye malaria hilo siyo dogo, unamtafuta kimelea kwa rangi ya zambarau ya kiini chake. Jamaa wa OpenFlexure waliliandikia kabisa makala mwaka 2020, programu yao inapiga picha ya sehemu tupu ya slaidi na kutengeneza jedwali la kusahihisha, kila rangi kivyake. Lifanye kila unapogusa kondensa au LED. Ukiwa na uhuru wa kuchagua kamera chagua ambayo haina vilenzi vilivyosogezwa, maana rangi iliyochuja kugawanya peke yake hakuirudishi kikamilifu.

#13 Mzee_wa_Optiki

Kabla uzi haujaenda mbali, watu wapime kabla ya kununua. Weka maji ya rangi ya fluoresini yaliyokolea sana kati ya slaidi na kavasilipu (kioo chembamba cha kufunikia), hiyo kwa leza ya nanomita 488. Kwa 561 tumia rosi bengali, kwa 640 ile rangi ya chakula ya bluu, Brilliant Blue. Iwe imekolea kweli, kwa sababu rangi nzito inameza mwanga wote kwenye tabaka jembamba la juu, kwa hiyo hata kavasilipu ikiinama kidogo usomaji haubadiliki, na iliyoungua inabadilishwa na nyingine iliyo jirani kwenye maji. Piga picha kadhaa, chukua wastani, toa giza, ilainishe kidogo, alafu Fiji ikupe wastani na mtawanyiko. Gawanya mtawanyiko kwa wastani, jibu likiwa dogo ndo mwanga uko sawa.

Kumbukeni picha hiyo inabeba upungufu wa mwanga na wa lenzi pamoja. Ukitaka kujua wa leza ni upi, piga nyingine kwa taa ya kawaida kwenye kichujio kile kile. Kitakachoonekana kwenye zote mbili ni cha lenzi na kamera, hicho hata ununue piShaper ya namna gani hakitaondoka.

#14 binti_seli

Nimepima leo Mzee, kwa 488 pembeni ni nzuri, ila 640 imeinama upande wa kushoto. Mwale ule ule, faiba ile ile, inawezekanaje?

#15 Mzee_wa_Optiki

Mwanangu angalia kioo cha dikroiki (kinachoakisi rangi ya leza na kupitisha rangi nyingine) kwanza, kama kimekazwa skrubu sana kinapinda na kuharibu mwale unaoakisiwa. Legeza kidogo, piga tena. Ikibaki vile vile angalia lenzi ya kutolea kwenye mdomo wa faiba kama ni ya akromati (inayokusanya rangi zote karibu mahali pamoja), ile ya kawaida ukiiweka sawa kwa 488 mwale wa 640 unatoka haujawa sambamba, na hapo ukipita nje ya katikati hata kidogo 640 ndo itaanza kukuonyesha upande. Leta picha zote mbili hapa tuzione.

#16 Mwale_Mnyoofu

Na dada ukileta picha weka na namba ya kipenyo cha mwale kabla ya kikuza, kwa rangi zote mbili. Faiba ya modi moja mwale wa 640 unatoka umepanuka zaidi ya wa 488, kwa hiyo kama mtanunua lenzi za kubadilisha umbo inabidi tuchague kipenyo cha katikati ambacho zote zinakivumilia, au muitumie kwa rangi moja ile mnayohesabia molekuli.